Shangazi anasema mwarobaini unatosha, lakini vifaranga wangu wanakwisha

Bibi Mifugo, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chamazi. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko safarini, na mimi asubuhi nauza chapati na maandazi. Nikaona niongeze kipato kwa kufuga kuku chotara nyuma ya nyumba. Nilinunua vifaranga 100 wa siku moja, nikaletewa kwa bodaboda kwenye boksi lenye matundu. Banda ni la matofali mpaka usawa wa kiuno, juu wavu, chini nimemwaga maranda. Joto natumia jiko la mkaa, maana umeme huku hukatika usiku wakati wowote.

Tunaishi na shangazi yake mume wangu. Ni mtu mzima, amefuga kuku Singida tangu usichana wake, na namheshimu sana. Vifaranga walipofika tu akasema dawa ya dukani haitaingia bandani humu. Akatwanga majani ya mwarobaini na shubiri, akakamua, akajaza vyombo vya maji, akasema wiki nzima wasionje maji matupu ili wasafishike damu. Maji yenyewe yalikuwa ya kijani kibichi, mazito. Vifaranga walikuwa wanachovya mdomo, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Kufikia siku ya nne walikuwa wamekufa 9, miguu imekauka kama vijiti. Shangazi akasema hao walitoka wabovu kwa muuzaji.

Waliobaki walichangamka, hasa tulipoanza kuwapa maji ya kawaida ya kisima cha jirani, ambayo yana chumvi kidogo. Mwarobaini tuliendelea kuwapa mara mojamoja, na vitunguu saumu. Chanjo sijawapa hata moja. Wateja wangu wa saluni na wa mtaani wameshaniambia wanataka kuku wa asili, ambaye hajaguswa na sindano, nikaona nikichanja nitakuwa nawadanganya.

Wiki ya nne mvua za masika zikapamba moto. Bati linavuja kwenye kona moja, palepale nilipoweka vyombo vya maji. Vifaranga wakaanza kujikunyata, mabawa yameshuka, na kinyesi kikawa na damu. Shangazi akazidisha mwarobaini. Jirani akanipa unga wa njano wa antibiotiki uliobaki kwake, nao haukusaidia. Wakafa 17. Sasa wamebaki 74, damu imepungua ila haijaisha.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuku wanakufa ovyo: kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, mwenye nao amebakiwa na jogoo mmoja. Mizoga anatupa jalalani na kunguru wanakuja kuigombania juu ya bati letu. Na juzi shangazi ameletewa zawadi ya mitetea wawili kutoka Singida, wamekuja na basi, tumewaingiza bandani pamoja na vifaranga. Mmoja anakoroma.

Naomba unisaidie: nitumie mti gani kuzuia mdondo? Niagize vifaranga wengine kufidia hasara, au nisubiri? Na shangazi nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mama Wawili, Chamazi

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeniandikia matatizo matatu yaliyokutana kwenye banda moja, na ningependa kuyafuata moja baada ya jingine, ila mitetea wa Singida hawasubiri. Weka simu chini kwanza, nenda ukawatoe.

Wapeleke mbali na vifaranga kadiri kiwanja kinavyoruhusu, mahali ambapo upepo hautoki kwao kwenda bandani. Hata tenga lililofunikwa chini ya mwembe linafaa. Wawe na chombo chao cha maji na cha chakula, na kila siku wahudumiwe mwisho, baada ya vifaranga, kisha mtu anawe mikono na abadilishe viatu. Wakae huko si chini ya wiki mbili, na yule anayekoroma asirudi mpaka apone kabisa. Kuku aliyesafiri kwenye buti la basi kutoka Singida amebanana na kuku wa watu asiowajua, na anaweza kubeba mafua ambayo yeye atayavumilia na vifaranga wako wasiyaweze. Utaratibu ni huohuo kwa kuku wa soko la Shekilango, kwa kuku wa soko la Kisutu na kwa jogoo uliyepewa zawadi harusini.

Sasa mdondo. Hakuna mti unaouzuia.

Najua si jibu ulilolitaka. Kinyesi cha kijani, shingo kupinda na banda zima kuteketea ndani ya siku chache ndizo dalili za mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Unaletwa na virusi. Ulitambuliwa kisayansi mwaka 1926 huko Java, Indonesia, na muda mfupi baadaye Newcastle, Uingereza, na tangu hapo mpaka leo hauna tiba, si ya majani wala ya dukani. Antibiotiki haiui virusi. Mwarobaini, shubiri, pilipili kichaa na vitunguu saumu vyote nimeviona vikitumika mdondo ulipoingia, na kuku walikufa vilevile. Anayekuambia kuku wake walipona kwa mwarobaini, muulize kama ilikuwa mdondo kweli au mafua.

Kinachozuia ni chanjo. Na hapa nataka wewe na wateja wako mnisikilize vizuri, kwa sababu nadhani mmetishwa na neno lenyewe. Chanjo ya mdondo wanayotumia wafugaji wengi wadogo hapa Tanzania, ile ya I-2, inatengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, wenye ofisi hapo Temeke. Imetokana na virusi wa mdondo ambao kwa asili yao ni wapole, hawaui kuku. Kuku akipata hao, mwili wake unajifunza kumtambua adui kabla yule mkali hajafika. Si dawa ya antibiotiki. Wala haichomwi kwa sindano! Ni tone moja la jicho. Unamlaza kifaranga ubavu mkononi, unadondosha tone, unasubiri mpaka apepese na tone lipotee, unamwachia. Ukimwachia kabla hajapepesa atatikisa kichwa na chanjo yako yote itaishia kwenye maranda. Kwa hiyo mteja wa saluni akikuuliza, mwambie bila kusita kuwa kwa chanjo ya mdondo kuku huyu hajaguswa na sindano. Ni kweli tupu.

I-2 inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ila kuvumilia joto hakumaanishi ikae kwenye pochi ndani ya daladala la mchana. Ichukue na chupa ya chai yenye barafu, na ukishaifungua itumie siku hiyohiyo. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulionao, kwa hiyo zungumza na majirani mchangie, mchanje wote siku moja. Mtaa mzima ukichanjwa, wewe ndiye unayefaidika zaidi, kuliko kuchanja peke yako katikati ya kuku wagonjwa. Baada ya hapo mnarudia kila baada ya miezi mitatu.

Hali yako lakini si ya kawaida, kwa sababu moto uko nyumba ya tatu. Chanja haraka, wale tu walio wachangamfu, wenye macho maangavu na wanaokula. Waliojikunyata watenge, uwachanje wakishapata nguvu. Ujue pia kwamba kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujijenga. Kama yupo aliyekwisha kuambukizwa tayari, atakufa hata kama umemchanja, na shangazi atasema tone ndilo lililomuua. Mwambie mapema, kabla hayajatokea. Na akifa kuku yeyote katika siku hizo, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, weka na barafu, umpeleke akiwa bado mbichi kwenye maabara ya TVLA Temeke wampasue, au mpigie afisa mifugo wa kata akuelekeze. Kutoka Chamazi si safari ndefu, na utajua unapigana na nini.

Kuhusu kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu hawakuwa wa hapa, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na leo Dar ni yao. Wanakula vifaranga, wanakula mayai, na wanachukua utumbo wa kuku aliyekufa kwa mdondo kutoka jalalani na kuudondosha kwenye uwanja wako. Nenda kwa huyo jirani kwa upole, mpe pole kwanza, kisha mwombe azike mizoga kwenye shimo refu au aichome. Ikibidi, mjumbe wa shina aingilie. Na wewe mwenyewe ziba wavu mpaka juu, vifaranga wasitoke nje kwa sasa, na viatu vya bandani viwe vya bandani. Mchuuzi wa kuku mwenye tenga kwenye baiskeli asikanyage mlango wako. Amekuja kutoka kwenye mabanda mangapi leo, nani anajua?

Nirudi kwenye damu. Kuhara damu kwa vifaranga wa wiki ya tatu mpaka ya sita, kukiambatana na kujikunyata na mabawa kushuka, mara nyingi ni koksidia. Hivi ni vijidudu vinavyoishi kwenye utumbo, na karibu kila banda la kuku duniani linavyo. Kuku anavitoa kwenye kinyesi vikiwa kama vijiyai, na vikitoka haviwezi kuambukiza mpaka vipate vitu vitatu: unyevu, joto na hewa. Vikivipata, siku moja au mbili zinatosha kuiva. Mwanangu, joto Dar lipo mwaka mzima. Hewa ipo. Unyevu umeuleta wewe na bati lako, tena ukaweka vyombo vya maji palepale, mahali ambapo kila kifaranga lazima apite na kudonoa mara nyingi kwa siku.

Mwarobaini ulioongezwa haukuwa na la kufanya hapo. Unga wa njano wa jirani nao huenda haukuwa na la kufanya, kwa sababu antibiotiki nyingi zinalenga bakteria na koksidia si bakteria. Nenda duka la dawa za mifugo ukaulize dawa yenye neno amprolium kwenye lebo, ufuate kipimo na siku zilizoandikwa pale bila kupunja na bila kuzidisha. Dawa hiyo inafanya kazi kwa kukinyima kijidudu vitamini B1, kwa hiyo usiwape mchanganyiko wa vitamini B siku hizohizo, utakuwa unajenga na kubomoa. Wakishamaliza dozi, vitamini ni ruksa.

Lakini dawa bila kukausha banda ni kumwaga maji kwenye pakacha. Ziba bati leo. Chota maranda yote yaliyolowa na kushikana, yapeleke mbali au yafukie, weka makavu. Kipimo changu ni cha mkono: kamata konzi ya maranda, ifinye, fungua kiganja. Yakibaki donge, yana maji mengi. Yakisambaratika, sawa. Vyombo vya maji viinue juu ya tofali lililofunikwa wavu, usawa wa mgongo wa kifaranga, ili asikanyage ndani wala kunyea ndani. Geuza maranda kila siku kwa reki. Usijisumbue kupulizia dawa za kuua vijidudu za chooni, vijiyai vya koksidia vina ganda gumu na nyingi kati ya hizo haziviwezi. Ukavu na jua vinaviweza. Siku ya jua toa vyombo vyote, sugua kwa sabuni, vianike mpaka vikauke kabisa.

Na usitamani banda lisilo na koksidia hata moja, hilo halipo. Kifaranga anayekutana navyo vichache kwenye maranda makavu anajijengea kinga mwenyewe, na akikua havimsumbui tena. Hiyo ndiyo kinga ya asili hasa, na inategemea bati lisilovuja kuliko jani lolote.

Wale 9 wa mwanzo sasa. Shangazi anaweza kuwa na haki kidogo: wapo vifaranga wanaotoka kwenye mashine na kitovu kibichi, tumbo limevimba, na hao hufa wiki ya kwanza hata uwafanyie nini. Ila hukuandika kuhusu tumbo. Umeandika walikuwa wanachovya mdomo na kutikisa kichwa, na kwamba miguu ilikauka. Kifaranga mwenye miguu iliyokauka amekosa maji. Kuku hahisi ukali wa pilipili, ndiyo maana ndege porini wanakula pilipili na kusambaza mbegu zake, lakini uchungu anauhisi na anaukataa. Hao walikuwa na maji mbele yao wakafa kwa kiu.

Kifaranga anaanguliwa akiwa na kiini cha yai tumboni kinachomtosha kwa siku mbili tatu, ndiyo maana anaweza kusafirishwa kwenye boksi bila kula. Akifika, kitu cha kwanza anachohitaji ni maji safi ya uvuguvugu, yenye glukosi au sukari kidogo siku hiyo ya kwanza tu. Ushike mdomo wa wachache, uuchovye mara moja, wengine wataiga. Chakula kifuate baada ya saa moja au mbili, na kiwe chakula kamili cha vifaranga. Pumba peke yake hapana. Usiku wa kwanza pitisha kidole taratibu chini ya shingo kwenye kile kifuko cha chakula: kiwe kimejaa na laini. Kikiwa kitupu, hajui chakula kilipo. Kikiwa kigumu kama kokoto, amekula bila kunywa.

Maji ya kisima chenye chumvi yaache kwa ajili ya kufulia. Kuku mkubwa anaweza kuvumilia kidogo, kifaranga figo zake bado changa, ataharisha maji na kulowesha maranda, na unajua sasa maranda yaliyolowa yanazaa nini. Tumia maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua yaliyokingwa vizuri. Siku ya chanjo ya kunywa, kama ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi unaoshika vifaranga, maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, kabla ya kuweka chanjo. Siku hiyo pia hakuna siki, hakuna vitunguu, hakuna jani lolote ndani ya maji.

Jiko la mkaa linanitia wasiwasi zaidi ya unavyodhani. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bado unaitoa. Liwashie nje, likisha kushika liingize, lizungushie matofali vifaranga wasiungue, na juu ya banda pawe na nafasi ya hewa kutoka, hata mvua ikinyesha. Kisha punguza. Maelekezo mengi utakayosoma yanasema nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha ushushe kama nyuzi 3 kila wiki, na ni sawa, ila yanasomwa kana kwamba wote tunaishi Njombe. Januari na Februari Dar mchana hewa yenyewe inafika nyuzi 32, na ukiongeza jiko unawapika. Vifaranga wenyewe ndio kipimajoto: wakirundikana chini ya joto na kulia, wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuachama midomo, wana joto, wakijibana upande mmoja wote, kuna upepo unapita. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala miguu nyuma, waache hivyohivyo.

Sasa majani, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani nayachukia. Majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini na kusagwa ni nyongeza nzuri sana ya protini na vitamini, changanya kidogo kwenye chakula kuanzia wiki ya tatu. Mchicha na majani mengine mabichi, katakata, ning'iniza fungu usawa wa vichwa vyao. Wanakula na wanapata kazi, wanaacha kudonoana. Majivu makavu yaliyochanganywa na mchanga kwenye beseni pana ni bafu lao, yanapunguza chawa na viroboto. Mwarobaini wenyewe una kazi: majani makavu kwenye viota vya kutagia yanasaidia kufukuza utitiri. Vitunguu saumu kwenye chakula sina ugomvi navyo, viwe kidogo. Sharti langu ni kwamba chombo cha maji safi kiwepo muda wote pembeni, kifaranga achague.

Hapo ndipo pa kuanzia na shangazi. Usimwendee na barua hii mkononi kumwonyesha kwamba Bibi Mifugo amesema. Msubiri wakati mzuri, baada ya chakula, umwulize kwanza yeye: huko Singida mdondo ulipoingia kijijini, walibaki kuku wangapi? Atakusimulia, maana hakuna mfugaji wa rika lake ambaye hajawahi kuamka akakuta uwanja mtupu. Akishasimulia, mwambie tone la jicho ni kwa ajili ya hilo tu. Kisha mkabidhi yaliyo yake kweli: mlonge, mchicha, bafu la majivu, na ile kazi ya asubuhi ya kuwatazama vifaranga kabla hawajapewa chakula na kusema yupi hayuko sawa. Jicho la mtu aliyefuga miaka yote hiyo linaona bawa lililoshuka siku nzima kabla yako. Mumeo naye ampigie simu, kwa kuwa ni shangazi yake, na neno la mtoto wa kaka litapokelewa kuliko la mke wake.

Wateja pia wana haki ya kujua. Ukitumia amprolium au dawa nyingine yoyote, kwenye lebo kuna muda wa kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza mayai. Uandike kwenye daftari, na usimuuzie mtu kabla haujaisha. Huko ndiko wateja wako wangestahili kuhofia. Chanjo haimo.

Vifaranga wapya usiagize sasa. Ukiwaleta wa siku moja kwenye banda lenye wa wiki tano waliougua, na mdondo mtaani, umewaleta kuzika. Subiri hawa wapone, wachanjwe, wakue wahamie sehemu nyingine. Kisha toa maranda yote, osha sakafu, paka chokaa, acha banda tupu na kavu si chini ya wiki mbili. Wakati huo mtaa utakuwa umejulikana umetulia au la.

Ukifika wakati wa kuagiza, muulize muuzaji kama vifaranga wamechanjwa mahepe, ule ugonjwa wa Marek, maana hiyo hutolewa palepale kituo cha kutotolesha siku ya kwanza na wewe huwezi kuirudia nyumbani. Kwako utaanza mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28, na ndui wakifika wiki ya sita hadi ya nane. Ndui ndiyo pekee kati ya hizo za nyumbani inayochomwa, kwenye ngozi nyembamba ya bawa, na kuiacha sikushauri. Kama mteja wako atashikilia neno lake la sindano, mwambie ukweli, na kama hataki, yuko mwingine atakayemnunua.